Mkanda wa Suruali ya Maji

Vijana wa cherehani, mwaka huu nimepata mshtuko sokoni Masasi, na mpaka naandika haya haujanitoka. Mtu wa umri wangu hushtuka kwa msiba na kwa bei ya sukari, basi. Mimi nimeshtushwa na suruali. Tulieni niwaeleze, maana jambo lenyewe linawahusu nyinyi mnaoshona kuliko linavyonihusu mimi niliyekwisha kuweka sindano chini.

Mimi ni Mama Edina, mzaliwa wa Mkunya, Newala. Maisha yangu yote ya kazi nimeshona vitu vya kuzuia maji: maturubai ya malori ya korosho, makoti ya mvua, makoti ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, na suruali za maji. Asiyeijua suruali ya maji aelewe hivi: inaanzia kwenye buti na kupanda mpaka kifuani, imeshikiliwa mabegani kwa mikanda miwili, na mtu akiivaa anaingia bwawani na kutoka mkavu. Wafugaji wa samaki wanaivaa, wasafishaji wa malambo wanaivaa, na baadhi ya wavuvi wa mto Ruvuma. Najua mnacheka. Newala iko juu, mto hatuna, maji tumezoea kuyafuata bondeni na kuyapandisha kwa baiskeli ulimi nje. Fundi wa suruali za kuingilia majini atoke kwetu? Ndiyo, alitoka kwetu, na aliyenifundisha mimi hakujua hata kuogelea.

Sasa sikilizeni kilichonikuta. Nilishuka Masasi kupimwa macho. Nilipomaliza nikasema nimpitie Zuhura, mwanafunzi wangu, ambaye ana kibanda chake cha kushonea karibu na stendi. Zuhura nimemfundisha mwenyewe tangu hajaolewa, na katika wote waliopita mkononi mwangu hakuna mwenye mshono kama wake. Nilimkuta na wanawake wawili anaowafundisha, cherehani zinalia, na nje ya kibanda suruali za maji zimetundikwa kwenye misumari, kijani, zinapendeza. Nilijisikia vizuri. Nikajisemea, kumbe sikufanya kazi ya bure.

"Shikamoo Mama Edina."

"Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Karibu kiti."

Kiti nilikiacha. Nikaenda moja kwa moja kwenye suruali, nikaanza kuipapasa, kwa kuwa siku hizi mshono nauona kwa vidole. Mshono wa kati, mzuri. Kipande cha raba juu ya mshono, kimegandishwa sawasawa, hakuna pembe iliyoinuka. Buti limeungwa vizuri. Nikapanda juu taratibu mpaka kiunoni, nikatafuta mkanda. Nikatafuta upande wa pili. Nikageuza suruali nzima. Mkanda hakuna, wala vitanzi vya kuupitishia hakuna.

"Zuhura, hii hujaimaliza?"

"Nimeimaliza, Mama."

"Mkanda uko wapi?"

"Tumeuacha. Wateja wenyewe hawautaki."

Nikagusa ya pili, haina. Ya tatu, haina. Nikakifuata kile kiti nilichokikataa, nikakaa. Nikamwuliza ameshauza ngapi za namna hii. Akasema nyingi, tangu msimu uliopita. Nikamwambia, "Zuhura, hapa umeuza majeneza." Wale wanawake wawili wakaacha kushona.

Najua lilikuwa neno kali. Sikujua jingine. Ili nanyi mjue kwa nini nililisema, inabidi niwarudishe kwa Mzee Nandonde.

Mzee Nandonde alikuwa fundi wa maturubai pale Newala. Msimu wa korosho ukifika, malori yanajipanga mbele ya baraza yake, kila dereva na turubai lililochanika. Cherehani yake ilikuwa kubwa na nzito, akitaka kuanza aliipiga kofi gurudumu kama anayemwamsha punda. Nilipokwenda kumwomba anifundishe, watu walimwambia turubai ni kazi ya wanaume. Akawajibu, "Turubai halijui kama aliyelishona amevaa gauni." Akanipa sindano nene na kipande cha turubai bovu, nikalishona mwezi mzima kabla hajaniruhusu kugusa la mteja.

Kutoka kwake nilijifunza haya ambayo hamtayakuta kwenye nguo za harusi. Kila unapochoma sindano umeyafungulia maji mlango. Kwa hiyo kwenye turubai hushoni karibu karibu kwa kujionesha ufundi. Ukifanya hivyo unatoboa msururu wa matundu, na siku likivutwa linachanika palepale kwenye mshono kama karatasi ya daftari. Shona hatua ndefu, mistari miwili, basi. Uzi wa pamba ukilowa unavimba, unaziba tundu lake wenyewe, ila huoza. Wa nailoni hauozi, ila tundu hubaki wazi. Mzee alikuwa anachukua wa pamba na kuupitisha kwenye nta ya nyuki, mara mbili, huku anapiga mluzi. Na koti la mvua, msiweke mshono juu ya bega. Mvua inaangukia bega kwanza. Sogezeni mshono nyuma kidogo, nanyi mtaona mteja anarudi kuwashukuru bila kujua anashukuru nini.

Alikosea pia, jamani, msidhani alikuwa malaika. Kuna mwaka nta ilikosekana, yeye akakumbuka kwamba mafuta ya maganda ya korosho hupakwa kwenye nguzo zisiliwe na mchwa na zisilowe. Akapaka kwenye mishono ya koti la salfa, shingoni na kwapani, akaliacha likauke. Lilikuwa zuri, linang'aa. Sote tuliozaliwa kwenye mikorosho tunajua mafuta yale yanavyounguza midomo ukibangua korosho mbichi kwa meno, lakini siku ile hakuna aliyekumbuka, si yeye wala sisi. Mteja akalivaa, akafanya kazi juani, akatoa jasho. Alirudi kesho yake shingo imebabuka, akaliweka koti mezani taratibu kama anayelaza mtoto. Mzee aliitazama shingo ile, ndipo akakumbuka yale maganda. Alimuuguza mwenyewe mpaka shingo ikapona, na tangu hapo kila kitu kipya alikijaribu kwanza kwenye ngozi yake.

Hapo ndipo ilipoanza kanuni ya baraza yetu: aliyeshona ndiye anayevaa kwanza. Koti la mvua ulivae, usimame ukimwagiwa. Koti la salfa ulivae, ukapulizie mkorosho. Kanuni hiyo nusura imuue.

Suruali za maji zilituingilia hivi. Siku moja gari lilisimama pale barazani, akashuka mzungu mmoja mrefu pamoja na kijana wa kumtafsiria. Walikuwa wanatoka Ruvuma. Mzungu alikuwa mvuvi, lakini wa aina ambayo hatukupata kuiona: ndoana yake imefungwa manyoya ya kuku, anairusha juu ya maji samaki adhani ni mdudu. Suruali yake ya maji ilikuwa imechanwa na miiba. Mzee akaichukua, akaivuta, akainusa, akaitazama juani. "Hiki si turubai," akasema, "ni kitu kingine." Ilikuwa laini, nyepesi, na kwenye kila mshono kwa ndani kulikuwa na utepe mwembamba uliogandishwa kwa moto. Ndipo Mzee akauliza bei. Yule kijana akataja. Mzee akamwambia arudie, labda amekosea kutafsiri. Akarudia. Ilikuwa bei ya ng'ombe mzuri, na ndama wake.

"Na samaki je, anavua wengi?"

"Anawavua, halafu anawarudisha."

Mzee akakaa chini. Akamtazama mzungu, akaitazama suruali. "Yaani amevaa ng'ombe miguuni, akaingia kwenye mamba, akamshika samaki, akamwachia?" Yule kijana alicheka mpaka akashindwa kutafsiri.

Lakini Mzee alikuwa na akili ya biashara. Akauliza kwa nini mtu anunue kitu ghali hivyo, hakuna za rahisi? Mzungu akajibu zipo nyingi, zinatoka mbali, bei nusu, zinamaliza msimu mmoja. Yeye hununua zinazoshonwa mjini kwao, na watu anaowajua kwa sura. Zikichanika huzipeleka, wanazishona tena. Wakikataa, anajua mlango wa kwenda kugombania. Maneno hayo yalimfurahisha Mzee kuliko malipo. Kwa siku nyingi baada ya hapo alikuwa akiwaambia madereva kwamba hata Ulaya kuna Newala.

Kabla mzungu hajaondoka, tulikwisha kuichora suruali yake kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Tukaamua kutengeneza ya kwetu. Turubai laini lile linalopakwa plastiki, raba ya tyubu ya gari iliyokatwa vipande vyembamba badala ya ule utepe, gundi ya kuzibia pancha, mabuti ya mvua ya dukani. Kuijaribu ndiyo ilikuwa kasheshe. Yule kijana alituambia wazungu huijaza maji suruali nzima wakatazama inapovujia. Mzee akaruka. "Ndoo zote hizo? Bora ivuje." Tukafanya kama mafundi wa baiskeli: tukafunga kiuno kwa kamba, tukaijaza upepo kwa pampu, tukapaka povu la sabuni kwenye mishono. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Kikombe kimoja cha maji kilitosha, na suruali ikasimama barazani imevimba bila mtu ndani, watoto wakakimbia.

Kila kitu cha mzungu tulikiiga. Kitu kimoja tu tulikiacha, nacho ni mkanda wa kiunoni. Mzee aliugeuzageuza, akauliza, "Suruali imeshikwa mabegani, haishuki. Mkanda wa kiuno wa nini tena? Mtu havai kofia mbili." Tukakubaliana kwamba ni urembo. Mtu aliyekulia Ruvuma asingekubali. Sisi maji tuliyoyajua ni yale yaliyomo ndani ya ndoo.

Tulishuka nayo kwenye lambo moja huku chini, upande wa Masasi, kwa mteja wa kwanza, bwana aliyekuwa akisafisha magugu majini. Kwa kanuni yetu, Mzee akaivaa yeye. Akaingia mpaka magotini, akatuonesha mikono. Akaingia mpaka kiunoni, akasema ni kukavu ndani kama ghala la chakula. Tukapiga makofi. Hatua iliyofuata mguu ulikosa chini, kumbe palikuwa na shimo, akalala ubavu, na maji yakaingia kifuani kwa wingi mara moja, yote, mpaka kwenye buti.

Nimeona mambo mengi, lile bado linanitetemesha. Hakupiga kelele. Alisimama, maji shingoni, akawa anajaribu kuinua mguu na mguu hauinuki. Suruali ilikuwa imejaa, miguu yake miwili imekuwa mapipa. Kila akijivuta kuja ukingoni, uzito unamrudisha kwenye shimo. Yule bwana wa magugu alimrushia kamba, tukamvuta watu wanne, na alipofika ukingoni bado hatukuweza kumpandisha, ikabidi achanwe suruali magotini kwa kisu maji yatoke. Akakaa kwenye matope anatapika maji. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Kumbe si urembo."

Mkanda ukikazwa juu ya kitovu, hata wewe ukianguka maji yanaingia kifuani tu, kidogo, hayashuki miguuni. Unasimama, unatoka. Hilo ndilo lote. Kipande cha utepe wa mabegi chenye kibano cha plastiki, upana wa vidole viwili, ndicho kinachotenganisha mtu aliyelowa na mtu aliyekufa. Tangu siku ile hatukutoa suruali bila mkanda.

Baadaye Mzee alipoisimulia hadithi hiyo, aliisimulia kwa kuchekesha, kama kawaida yake. Aliigiza mwenyewe anavyokwama, anavyoita kisu, anavyosema kumbe si urembo. Watu walishika mbavu. Alikufa akiisimulia hivyo, Mungu amrehemu.

Basi pale kibandani kwa Zuhura nikamwuliza, "Hukusikia habari ya Mzee Nandonde na lambo?"

"Nimeisikia, Mama. Nani hajaisikia?" Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likamfia. "Nilijua ni hadithi ya kuchekesha."

Niliona ameanza kuelewa mwenyewe, uso unabadilika kidogo kidogo, na kumtazama kulinitia uchungu. Akajieleza. Masasi siku hizi zimejaa suruali za maji za kutoka nje, za viwandani. Akanionesha moja aliyoinunua aichunguze. Niliipapasa, nikaona wivu, sitaki kuwadanganya: haikuwa na tundu la sindano hata moja, mishono yote imeyeyushwa kwa moto ikawa kitu kimoja. Buti lake ndilo baya, gumu, kwa jua letu linapasuka mapema, na likipasuka hakuna wa kulishona. Lakini bei yake ni ndogo kuliko hata gharama ya turubai na mabuti anayonunua Zuhura. Mteja anasimama pale na zote mbili mkononi, anauliza kwa nini ya hapahapa nyumbani iwe ghali kuliko iliyovuka bahari. Utamjibu nini?

"Nikatafuta cha kupunguza," Zuhura akasema. "Raba ya mshono siwezi kupunguza, itavuja. Buti siwezi. Nikaangalia wateja wa zamani wanavyofanya. Mama, kila mkanda nilioushona umefungia madumu kwenye baiskeli. Nenda kasimame njia ya Makote kule Newala asubuhi, utaiona mikanda yetu yote. Wanasema ni imara, hauachii dumu mlimani. Nikasema, kama wanautoa wenyewe, kwa nini niwalipishe?"

Hapo nilishtuka mara ya pili, maana alikuwa anasema kweli. Njiani nikija nilikuwa nimeiona mikanda ile kwenye baiskeli za maji, nikajisifu moyoni kwamba kazi yangu imeenea mpaka barabarani. Mkanda wa kuzuia maji tumeufanya wa kubebea maji. Kwetu dumu likianguka mlimani ni hasara inayoonekana. Kuzama ni habari ya watu wengine.

Sikumlaumu tena. Nilimwambia tu, "Mama, kila aliyenunua, tumtafute." Akafunga kibanda mchana uleule. Wale wanawake wawili akawaachia utepe wa mabegi wakate mikanda, naye na mimi tukapanda bodaboda.

Siku zile sitazisahau. Mtu mzima mimi, nimekaa nyuma ya pikipiki, vumbi mdomoni, tunakwenda bwawa kwa bwawa. Zuhura hakuwa na orodha, aliwakumbuka kwa sura na kwa maneno waliyosema walipokuwa wananunua. Mama mmoja mfugaji wa samaki alitukabidhi suruali mbili bila swali, akasema anamwamini Zuhura. Bwana mmoja alikataa katakata. "Maji yenyewe yananifika magotini, mkanda wa kazi gani?" Zuhura akamwomba amwoneshe hapo magotini. Wakaingia bwawani wote wawili, yeye na gauni lake, na katikati ya bwawa maji yakamfika bwana yule kifuani. Alirudi akaivua suruali mwenyewe.

Nyumba nyingine tulikaribishwa ndani, tukaikuta suruali imesimamishwa sebuleni, imejaa mbaazi mpaka kifuani, mdomo umefungwa kamba. Mwenye nyumba akatuambia hajapata kuona kitu kinachozuia wadudu namna ile. Tulicheka, tulihitaji kucheka. Zuhura akamwachia, akamwapisha kwamba isiingie majini kamwe.

Moja tuliikuta kwenye maji, kazini. Kijana aitwaye Bosco alikuwa katikati ya lambo, anavuta magugu, maji kifuani, anaimba. Zuhura alitaka kumpigia kelele, nikamziba mdomo. Mtu akishtuka majini ndipo anapoteleza. Tulikaa ukingoni tukamngoja amalize mstari wake, sisi wawili tumeshikana mikono kama wanafunzi wanaongoja majibu ya mtihani. Alipotoka akatusalimu kwa heshima, akauliza kama tumekuja kununua samaki. Zuhura alikaa chini pale pale akalia. Yule kijana alichanganyikiwa, akadhani tuna msiba.

Tukampa mkanda wake, tukaushona palepale kwa mkono. Hapa ndipo niwape ufundi, muuandike: msiupitishe kwenye vitanzi. Upitisheni ndani ya pindo la kiunoni, muushone kwa msalaba mbavuni pande zote mbili na mgongoni, mshono mzito, kisha mzibe matundu kwa raba. Mwenye kutaka kuutoa aharibu suruali nzima. Akitaka mkanda wa baiskeli, mwuzieni mkanda wa baiskeli. Zuhura sasa anaiuza yote miwili, na ule wa madumu unampa riziki kuliko suruali zenyewe. Bei ya suruali aliirudisha ilipokuwa. Wateja wengine wamemkimbia wakanunua za nje, ambazo zina mkanda mwembamba lakini angalau upo. Hilo nalo linamwuma, naye huniambia waziwazi.

Tulizipata zote, isipokuwa moja.

Siku tulipomaliza, tumekaa kibandani tunakunywa chai, Zuhura akaniambia habari ambayo alikuwa ameibeba tangu mwanzo. Mtu wa mwisho hakuwa mtu wa Masasi. Alikuwa bwana mrefu, mweusi, wa makamo, anazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kimakua, ana kovu jembamba kwenye kidevu. Alishuka kwenye basi, akanunua akiwa na haraka, akasema anakwenda kutega nyavu Ruvuma na atakaa huko. Jina hakusema, wala Zuhura hakuuliza.

"Alikuwa anajua mto," Zuhura akasema. "Aliishika kiunoni kama ulivyoishika wewe. Akaniuliza, dada, hii haina mkanda?"

"Ukamjibuje?"

Akakiweka kikombe cha chai chini.

"Nilimwambia haihitaji. Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye fundi."

Tumeuliza stendi. Tumewauliza madereva wa mabasi ya kuelekea mtoni na wachuuzi wa samaki wabichi. Tumetuma salamu misikitini na makanisani. Hakuna anayemjua. Zuhura kila jioni anatazama basi linaloshusha watu, anatazama videvu. Kazi anafanya, watoto anawalea, lakini mara nyingi nikimpigia simu ananiuliza kwanza kama nimesikia lolote, ndipo ananiamkia.

Kwa hiyo, wanangu, sikuandika haya ili mnisifu. Kama unaishi kando ya Ruvuma, au una baba, mjomba au shemeji anayevua huko, mtazame. Suruali ni ya kijani, raba ya mshono ni nyeusi, mabuti meusi, kiunoni hakuna kitu. Mwambie afunge kamba yoyote juu ya kitovu, aikaze, na asiingie majini bila hiyo. Mwambie fundi wake alikosea na anamtafuta. Na ukiikuta suruali hiyo imetundikwa ukutani, na watu wa nyumba hiyo wanakuambia mwenyewe hayupo tena, tuletee habari hiyo pia. Zuhura amesema anataka kuambiwa.